Leseni ya kutembea nayo: uzoefu wangu na iLok, na njia nyingine

Siku hizi nikitaka kununua programu ya kazi, swali langu la kwanza ni moja: leseni yake imefungwa kwenye nini? Kwenye mashine, kwenye akaunti, kwenye kidude cha USB, au kwenye jina langu tu? Nahariri sauti kwa kujitegemea. Nina kompyuta ya mezani, nina laptopu ya kuzunguka nayo, na mara kwa mara mteja hunikalisha mbele ya mashine ya studio yake. Kazi zangu nabeba kwenye diski ndogo bila shida yoyote. Zinazogoma kunifuata ni programu nilizozilipia mwenyewe.

Leseni iliyofungwa kwenye mashine ndiyo inayonichosha kuliko zote. Wakati wa kuamilisha, programu husoma alama za kompyuta, kama vile namba ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), namba ya diski na anwani ya kadi ya mtandao, ikaunda kitambulisho kimoja na kukituma kwa seva ya mtengenezaji. Kitambulisho kikibadilika, umekuwa mgeni. Niliwahi kuwa na plagini, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu kubwa ya sauti, ya kusafisha kelele, yenye leseni ya namna hiyo, mtengenezaji simtaji. Mazabodi ikafa. Ili niihamishe leseni, ilinibidi kwanza niizime kutoka ndani ya programu, kwenye kompyuta ambayo haiwaki. Huduma kwa wateja wakanijibu kwa upole kabisa: tafadhali fungua programu, kisha ubonyeze kitufe cha kuzima leseni. Nikawaeleza upya kwamba mashine imekufa. Wakanitumia picha ya kukionyesha kitufe kilipo. Mwishowe nafasi nyingine nilipewa, ila ile kazi nilikuwa nimeshaimaliza kwa plagini nyingine.

Tangu hapo kila leseni inayokubali kuhama nimeihamishia kwenye iLok. Huu ni mfumo wa kutunza leseni wa kampuni ya PACE, unatumika kwa programu nyingi za sauti, ikiwemo Pro Tools, programu ya kurekodi na kuhariri. Akaunti ni bure, kidude ndicho cha kununua. Leseni inaweza kukaa mahali patatu: ndani ya kompyuta yenyewe, ndani ya kidude cha USB, au mtandaoni kwenye iLok Cloud. Tahadhari hapo: si kila mtengenezaji anaruhusu sehemu zote tatu. Wapo wanaoruhusu kidude na kompyuta lakini si mtandaoni, kwa hiyo soma ukurasa wa bidhaa kabla hujalipa.

Kwangu kidude ndicho kilichonifaa. Nikifika studio nachomeka, plagini zinafunguka, hata kama intaneti imekatika. Nikichomoa naondoka na leseni zangu zote, na kwenye mashine ya watu hakibaki kitu kinachotumika kwa jina langu. Kizazi cha tatu kinabeba hadi leseni 1,500, na sijui mtu gani anayejiajiri atakayekijaza. Kuna cha USB ya kawaida na cha USB-C. Angalia matundu ya laptopu yako kwanza, maana kitashika tundu moja muda wote wa kazi.

Ila msidhani unachomeka tu na kuanza. Plagini zenyewe lazima ziwe zimesakinishwa kwenye ile kompyuta, pamoja na programu ya iLok License Manager, na kusakinisha kunahitaji nenosiri la msimamizi. Kwa hiyo nawatumia studio orodha ya ninavyohitaji siku chache kabla. Studio nyingine hukataa katakata, na wana haki yao.

Jambo la pili ni kwamba kidude ndicho leseni. Kikipotea au kikiibwa, utawaandikia watengenezaji mmoja mmoja kuwaomba, labda uwe unalipia Zero Downtime, huduma ya ada ya mwaka inayokupa leseni za muda wakati unasubiri nyingine. Mimi nalipia, kwa sababu vilivyomo vina thamani kuliko laptopu ninayochomekea. Mwenye plagini mbili tatu sioni kwa nini alipie.

iLok Cloud naitumia kama akiba. Haina kitu cha kupoteza, lakini inataka intaneti wakati wote wa kikao, na kikao kinafunguka kwenye kompyuta moja tu kwa wakati. Kwa mtu anayefanya kazi safarini, hilo peke yake linatosha kuiweka pembeni.

Wapo waliolitatua suala hili bila mbwembwe. REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, inakupa faili dogo la leseni. Unaruhusiwa kuisakinisha kwenye kompyuta nyingi upendavyo mradi uitumie kwenye moja kwa wakati, na inasakinishika hata kwenye flashi ikaendeshwa kutoka humo humo pamoja na mipangilio yako yote. Majaribio ni siku 60, bila kupunguziwa chochote. Steinberg nao, waliokuwa wakitaka kidude chao wenyewe kwa miaka mingi, walikiacha walipotoa Cubase 12, programu yao ya muziki, mwaka 2022; sasa leseni inaamilishwa kupitia akaunti, hadi kompyuta tatu. Kwa wahariri wa video, ufunguo wa leseni wa programu ya DaVinci Resolve Studio unakubali kompyuta mbili. Mbili zinanitosha mpaka siku ninapoingia studio ya mtu.

Na hapo pana kifungu ambacho wengi hukiruka kwenye mkataba: leseni ni ya nani, na ya kompyuta za nani? Mikataba mingine inakuruhusu kusakinisha kwenye mashine unazomiliki wewe tu. Hata kama kiufundi programu itafunguka kwenye mashine ya mteja, kimkataba umeshatoka nje. Nimeanza kumuuliza mtengenezaji kwa barua pepe na kutunza jibu lake.

Kidude cha iLok nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na usumbufu wa kusakinisha kila mahali. Kama una kompyuta moja na huendi popote, usikinunue. Fungua akaunti ya bure, amilisha kwenye mashine yako, na uandike mahali jinsi ya kuizima leseni mashine ikiwa bado inawaka.