Modeli za plastiki za ndege za kivita za zamani: ununue ipi kwanza ukiwa Arusha

Ukiwa Arusha, waza gundi na rangi kabla hujachagua ndege. Boksi la modeli ni plastiki kavu, linasafiri popote. Gundi ya modeli na rangi za enameli hushika moto upesi, kwa hiyo haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Shangazi anayerudi kutoka Uingereza kupitia KIA anaweza kukubebea modeli nzima ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ndani ya begi, lakini kichupa cha gundi kitabaki uwanja alikopandia. Hata rangi za akriliki za Tamiya zina spiriti ndani yake, nazo zinakumbwa na katazo hilo hilo.

Ndiyo maana mpangilio wangu haufanani na wa mtu wa London au Tokyo, ambaye duka la modeli liko mtaa wa pili. Hapa gundi yako itakuwa supa gluu, na supa gluu haikupi muda wa kurekebisha. Ukibandika bawa limepinda, ndiyo limepinda hivyo. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni jinsi vipande vinavyoingiana kabla hata gundi haijafunguliwa. Cha pili ni rangi: ndege ya rangi moja mtu anaimaliza, yenye madoadoa inakaa mezani miezi. Bei nimeiweka ya tatu.

Kuhusu skeli, yaani ndege halisi imepunguzwa mara ngapi, nitasema kwa kifupi. Spitfire ya mwanzo ilikuwa na mabawa ya mita 11.23 toka ncha hadi ncha. Kwa skeli ya 1/72 utapata sentimita 15.6, kwa 1/48 sentimita 23.4, na kwa 1/32 sentimita 35. Anzia 1/72 au 1/48. Modeli za 1/32 na 1/24 zinapendeza kwenye picha, ila zinakula rangi nyingi na zinataka rafu yake peke yake.

1. Mitsubishi A6M2 Zero, Tamiya, 1/72

Wengi wangetarajia Spitfire hapa. Mimi naweka Zero, ndege ya kivita ya Japani, na sina wasiwasi nayo. Tamiya ni kampuni ya Shizuoka, Japani, na modeli zake za Zero za skeli hii zilitoka mwaka 2012, molidi (kalibu za kumwagia plastiki) zikiwa mpya kabisa. Vipande vyake vinakaa penyewe: unashika nusu mbili za mwili kwa vidole, unadondosha tone dogo la supa gluu nyepesi kwenye mshono kwa kijiti cha meno, gundi inajivuta yenyewe hadi mwisho. Mtu asiye na gundi ya modeli hahitaji zaidi ya hapo.

Rangi nayo inakurahisishia. Zero za mwaka 1941, zikiwemo zilizoshambulia Pearl Harbor mwezi Desemba, zilikuwa za kijivu mwili mzima, na kifuniko cha injini tu kikiwa cheusi. Hakuna mistari ya kuficha ndege, hakuna madoa. Kijivu kimoja, nyeusi kidogo, duara nyekundu za stika, kazi imekwisha. Na ndege yenyewe ina hadithi nzito. Jiro Horikoshi aliisanifu iwe nyepesi kupita kiasi ili ifike mbali na igeuke haraka, akaacha kuweka bamba za chuma za kumlinda rubani na matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Mwanzoni mwa vita ilitesa kila aliyekutana nayo. Baadaye wepesi huo huo ukawagharimu marubani maisha yao. Ukishika bawa lake mkononi na kuona lilivyo jembamba, utaelewa uamuzi ule.

2. Supermarine Spitfire Mk.I, Tamiya, 1/48

Hii ni molidi ya mwaka 2018, na kwa ubora wa kuungana naiona juu ya Zero. Imeshuka nafasi moja kwa sababu mbili. Bei yake kwa kawaida ni mara mbili au zaidi ya boksi la 1/72, na rangi zake ni tatu: kahawia na kijani juu, na rangi hafifu tumboni. Kupaka ile mipaka ya kahawia na kijani kwa brashi kunawezekana, ila kunataka mkono uliotulia.

Kama mfuko unaruhusu na subira unayo, inunue. Spitfire iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, ikiwa kazi ya msanifu R. J. Mitchell, na bawa lake la umbo la yai ndilo linalowafanya watu wapende ndege za zamani. Kwa 1/48 umbo hilo unaliona vizuri, na chumba cha rubani kina vitu vya kutosha kumkalisha mtu jioni nzima kwa brashi ndogo.

3. MiG-17F, Airfix, 1/72

Hapa ndipo Mtanzania anapopata sababu yake mwenyewe. Wachina walitengeneza MiG-17F, ndege ya Kisovieti, kwa jina la J-5, wakaiuza nje kama F-5, na jeshi letu la anga lilikuwa nazo. Airfix, kampuni ya Uingereza iliyoanza 1939, ilitoa molidi mpya ya MiG-17F miaka ya karibuni. Ni ndogo, bei yake ni ya wastani, na sehemu kubwa ya mwili ni rangi ya fedha tupu.

Fedha ina masharti. Inaonyesha kila mkwaruzo na kila mshono, kwa hiyo piga msasa wa maji laini, futa, angalia chini ya mwanga wa dirisha, kisha rudia. Pia soma maelekezo kabla ya kufunga mwili, maana ndege yenye gurudumu la mbele ikikosa uzito puani itakalia mkia. Nenda kwa fundi wa tairi umwombe vile vyuma vidogo vya kubalansi rimu. Kimoja au viwili vinatosha. Kama ni vya madini ya risasi, nawa mikono ukimaliza kuvishika.

Usitarajie alama za Tanzania ndani ya boksi. Stika zinazokuja ni za nchi nyingine, za kwetu itabidi uzipake mwenyewe au umtafute mtu wa kuchapisha stika.

4. Spitfire Mk.Ia au Hurricane Mk.I, Airfix, 1/72

Hizi ndizo za bei nafuu kati ya zile ninazoweza kumshauri mtu bila kusita. Plastiki yake ni laini kidogo na mistari ya maungio ya mabati imechimbwa minene kuliko ya Tamiya, ila umbo ni sahihi na vipande si vingi. Hurricane ina mvuto wake kwa watu wa ukanda huu: mwaka 1940 na 1941 Hurricane za Jeshi la Anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka Kenya kupigana na Waitaliano.

Airfix hawa huuza pia seti za kuanzia zenye rangi, brashi na gundi ndani. Seti hiyo inafaa sana ikiwa unaikuta dukani. Ukiagiza kwa ndege, tube ya gundi ndiyo itakayoleta shida, kwa hiyo chukua boksi la ndege peke yake.

5. MiG-21MF, Eduard, 1/72 au 1/48

Moyo wangu ungeiweka juu. MiG-21 ni moja ya ndege za kivita ambazo Tanzania ilikuwa nazo wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na Eduard wa Jamhuri ya Czech wameitendea haki kuliko yeyote. Lakini si ya mtu anayeanza. Matoleo yao ya ProfiPACK yanakuja na vipande vya chuma chembamba kama karatasi, vya kukunja kwa kibano na kubandika kimoja kimoja, na stika ndogo ndogo za maandishi ni nyingi mno. Jenga kwanza mbili za juu, kisha uirudie hii. Toleo lao la Weekend halina vile vyuma, bei yake iko chini, na kwa wengi linatosha.

Nje ya orodha kuna HobbyBoss wa China na mtindo wao wa 1/72 wenye vipande vichache vilivyo vinene. Inaungana haraka, ila chumba cha rubani ni kama hakipo. Kwa mtoto, chukua Airfix Quickbuild, isiyotaka gundi wala rangi. Ndege za mabawa mawili, kama Gladiator, ziache kwa sasa: kupanga bawa la juu kwa supa gluu ni adhabu, na bado hujafika kwenye nyaya zinazofunga mabawa hayo.

Vya kununua mjini

Supa gluu nyepesi, na gundi nyeupe ya mbao kutoka hadwea. Ya mbao ni ya vioo vya rubani tu, kwa sababu mvuke wa supa gluu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na ukungu huo hautoki kirahisi. Ongeza wembe, msasa wa maji namba 600 na 1000, vibanio vya nguo, kibano cha nyusi. Kukata vipande kwenye fremu ya plastiki inayovishikilia tumia kikata kucha kizuri, usivinyofoe kwa mkono.

Kwa rangi, njia salama ni za maji, kama Vallejo za Hispania, ambazo hazishiki moto. Mwambie msafiri azifunge vizuri na kuziweka kwenye begi la kupakia, si la mkononi. Nyeusi na kijivu za akriliki zinazotumiwa na wachoraji wetu nazo zinafaa, zikiongezwa maji na kupakwa mara mbili tatu nyepesi. Spreyi za magari kutoka maduka ya spea zinashika vizuri mno, fedha hasa, lakini baadhi zina tina kali inayoyeyusha plastiki. Jaribu kwanza kwenye fremu uliyokwisha kukata vipande, subiri ikauke, ndipo uiguse ndege. Usipulize siku ya mvua ya masika, rangi hupata ukungu. Na kiangazi, mwagia maji sakafu kwanza ili vumbi litulie. Kwa wa Moshi ni hivyo hivyo.

Kabla ya kulipa

Makampuni ya zamani huweka molidi za miaka ya 1960 na 1970 ndani ya boksi jipya lenye mchoro wa kuvutia. Tafuta namba ya boksi kwenye tovuti ya Scalemates. Pale utaona molidi ilitengenezwa mwaka gani. Chini ya jina la Airfix na Revell hasa, hatua hii usiiruke. Piga hesabu ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT pamoja na bei, kwa sababu boksi dogo likija peke yake gharama hizo zinaweza kuipita bei yake. Ni heri wajenzi wawili watatu mwagize kwa mkupuo mmoja.

Boksi likifika, lifungue hapo hapo posta ya Mnara wa Saa au mbele ya aliyekuletea. Angalia kwanza fremu angavu yenye kioo cha rubani, kwa sababu ndiyo hupasuka njiani, kisha stika, kama hazijashika unyevu na kugandana. Ukikuta ufa, piga picha na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, ukitaja namba ya fremu iliyochapwa pembeni.