Ukienda Uhispania, nunua mji, bahari iwe nyongeza

Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja hana haja ya kulipa nauli ya ndege hadi Ulaya ili akaone mchanga. Nalitanguliza hili kwa sababu matangazo mengi ya likizo za Uhispania huanza na ufukwe: mwavuli, kiti, maji ya buluu. Maji hayo yanapendeza machoni, lakini ukitia mguu mwezi wa Mei utautoa mbio. Bahari ya huko huchelewa kupata joto, na miezi yake mizuri ya kuogelea ni Agosti na Septemba. Kwa hiyo sikupanga orodha hii ya miji ya Uhispania kwa uzuri wa fukwe. Nimejiuliza jambo moja tu: siku umechoka na bahari, au upepo umechafuka, mji wenyewe una nini?

Namba moja naipa Málaga. Wageni wengi hushukia hapo tu, wakapanda treni ya uwanja wa ndege kuelekea mahoteli ya Torremolinos na Fuengirola bila kujua wameacha nini nyuma. Katikati ya mji ipo Alcazaba, ngome ya zama za Waislamu, na chini yake magofu ya ukumbi wa maonyesho wa Warumi. Picasso alizaliwa hapa mwaka 1881, na makumbusho yake ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Jioni teremka ufukweni ule espeto: sadini waliotungwa kwenye kijiti mithili ya mishikaki, wakaokwa kando ya moto wa kuni unaowashwa mara nyingi ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Mtu asiyekula nguruwe atashukuru, maana mjini paja lililokaushwa linaning'inia kila mkahawa. Ila mchanga wa Málaga ni wa kijivu, na maji yake huwa ya baridi kuliko ya Valencia hata Agosti. Usije ukasema sikukwambia.

Kinachoipandisha zaidi ni majirani zake. Córdoba iko kama saa moja kwa treni ya mwendokasi. Msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 785, leo ni kanisa kuu, na ndani utapita kati ya nguzo zaidi ya 800. Granada nayo, ambayo ilikuwa dola ya mwisho ya Waislamu hadi ilipoanguka mwaka 1492, unaifikia kwa basi chini ya saa mbili au karibu na hapo. Huko ndiko iliko Alhambra, ngome yenye majumba ya wafalme hao wa Kiislamu, jina lenye maana ya "nyekundu" kwa Kiarabu. Aliyepitia chuo cha Kurani utotoni atasikia mengi: mto Guadalquivir ni wadi al-kabir, yaani mto mkubwa, azúcar ni sukari ile ile, na "ojalá", neno wanalotamka wakitamani jambo litokee, asili yake ni Kiarabu na ndani yake mna jina la Mungu, kama katika inshallah yetu. Mtaani Albaicín, mkabala na Alhambra, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Kaa hapo magharibi inapoingia uangalie kuta zikibadilika rangi.

Ukiwa na watoto, geuza orodha na uanze na namba mbili, Valencia. Ufukwe wake ni mpana, mchanga mweupe kidogo, maji yana joto zaidi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1957 waliuhamisha mto Turia nje ya mji, na mahali ulipopita pakawa bustani ndefu unayoweza kuipita kwa baiskeli kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu kuna wali. Paella ni ya hapa, kutokana na mashamba ya mpunga ya Albufera, na ile ya asili hupikwa kwa kuku, sungura na maharagwe mabichi, si kwa kamba. Wenyewe huila mchana. Ukimwona mtu anauziwa usiku, jua ni mgeni. Ukoko wanauita socarrat, na wanaugombania kama tunavyougombania sisi. Epuka siku za Fallas, kati ya tarehe 15 na 19 Machi, kama hupendi baruti wala bei za juu za vyumba.

Namba tatu ni Sevilla pamoja na Cádiz, kwa sharti kwamba usiende Julai wala Agosti, Sevilla ikipita nyuzi 40 bila aibu. Nenda Oktoba. Cádiz imezungukwa na bahari karibu pande zote, na vichochoro vyake vitakukumbusha Lamu.

Barcelona nimeiweka ya nne, na najua kuna watakaolalamika. Kanisa la Sagrada Família, lililoanza kujengwa mwaka 1882, linastahili safari peke yake. Lakini vyumba ni ghali, wezi wa mifukoni wa mtaa wa La Rambla ni mafundi, na wenyeji wamechoshwa na wageni kiasi kwamba Julai 2024 waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Siku tatu zinatosha.

San Sebastián ni ya tano: ghuba nzuri kuliko zote hizi, chakula kitamu, mvua nyingi, pochi nyepesi unaporudi.

Kisiwa cha Ibiza mwezi wa Agosti waachie wakesha disko wenye fedha. Benidorm ni maghorofa na Waingereza. Ukipata likizo Desemba au Januari tu, sahau bara na uende visiwa vya Canary, vilivyo karibu na pwani ya Moroko na ambako hakuna baridi kali.

Kabla ya kulipia chochote, viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uhispania. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Omba mapema, na usikate tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya kupata jibu. Kwa kupitia Istanbul unaweza kutua Málaga au Valencia bila kugusa Madrid.

Baada ya viza, kabla hata ya hoteli, nunua tiketi ya Alhambra, kwani huisha mapema msimu wa wageni. Huandikwa jina lako, kwa hiyo beba pasipoti, na ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Nasrid, yaani yale ya wafalme yaliyomo ndani yake. Ikiandikwa 14:00 ni saa nane mchana. Nimeshuhudia bibi mmoja wa kwetu akibishana mlangoni kwamba hajachelewa.