Matembezi ya saa tatu na nusu Berlin: mwalimu mstaafu anasahihisha

Binti yangu ni nesi Berlin, huu mwaka wa nne. Nilipostaafu alinikatia tiketi nikamtembelee, na kwa kuwa anajua baba yake akikaa dukani dakika kumi anaanza kuguna, akanilipia kitu kingine: matembezi ya miguu yenye mwongozaji, yuro 24 kwa kichwa, kuhusu jinsi Hitler alivyoshika madaraka na jinsi vita vilivyolipuka. Mada hiyo nimeifundisha kidato cha nne miaka ishirini na sita, kule Morogoro, kwa chaki na ramani iliyochanika upande wa Poland. Kwa hiyo nilikwenda na kalamu nyekundu kichwani. Jina la kampuni nalihifadhi, maana zinazouza matembezi ya namna hii ni nyingi na yatakayowakuta huenda yakafanana.

Nianze na kasoro, niimalize. Tangazo lilisema kundi halizidi watu 15. Nilihesabu kama ninavyohesabu darasa asubuhi: 23. Kila mtu alipewa kidude cha kuvaa sikioni ili amsikie mwongozaji, na changu kilikuwa kinakwaruza kama redio ya mkulima inayotafuta stesheni. Nikakivua, nikasimama mbele. Hilo ndilo ambalo miaka yote nimewaambia wanafunzi wafanye.

Mwongozaji alikuwa kijana wa Kijerumani, mwanafunzi wa historia, kofia nyekundu ya sufi, na faili la mifuko ya plastiki yenye picha na karatasi. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, hakimkimbii mtu. Tulianzia mbele ya Reichstag, jengo la bunge. Hakuanza na mwaka Hitler alipozaliwa wala mkataba wa Versailles, ule wa amani ulioibana Ujerumani baada ya vita vya kwanza. Aliuliza: siku Hitler anaapishwa kuwa kansela, Januari 30, 1933, chama chake kilikuwa na asilimia ngapi ya kura?

Mama mmoja akasema sitini. Mimi nilinyamaza, na nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu ubaoni nimeandika mara zisizohesabika kwamba alishinda uchaguzi akaingia. Kijana akatoa karatasi tatu. Mei 1928: asilimia 2.6, viti 12. Julai 1932: asilimia 37.3, viti 230. Novemba 1932: asilimia 33.1, viti 196. "Mnaona?" akasema. "Alikuwa anashuka."

Hapo ndipo yuro 24 zangu zilirudi zote. Sisi walimu tunaruka kutoka Versailles 1919 na noti za 1923 zisizonunua hata mkate, moja kwa moja hadi 1933, kama ngazi iliyonyooka. Katikati tunausahau mwaka 1928, ambapo Wajerumani wote walikuwa tayari wameshaumizwa na Versailles na mfumuko wa bei, na bado karibu hakuna aliyempigia kura. Ulipokuja mdororo wa uchumi, watu wasio na kazi wakafika milioni sita, ndipo kura zikapanda. Na hata zilipoanza kupungua, mlango ulifunguliwa kwa ndani. Franz von Papen, aliyekuwa kansela kabla, alimshawishi Rais Hindenburg, mzee wa miaka 85, kwamba huyu mtu atadhibitiwa: baraza zima la mawaziri litakuwa na Wanazi watatu tu, Hitler mwenyewe akiwamo. Walidhani wamemwajiri.

Nikamkumbuka kijana wangu mmoja wa dawati la nyuma, aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, kama wengi hawakumtaka, nani alimfungulia?" Nikamwambia akasome kitabu. Kitabuni hakukuwa na jibu, na mimi nilijua hakuna.

Kituo cha pili ni uwanja wa nyasi mkabala na Reichstag, mahali pasipo na kitu cha kupiga picha isipokuwa bango la maelezo. Hapo ndipo palikuwa na jumba la opera la Kroll. Reichstag iliungua usiku wa Februari 27, 1933. Kesho yake ikatoka amri ya dharura iliyosimamisha uhuru wa magazeti, mikutano, hata faragha ya barua na simu. Bunge likahamia kwenye opera. Na hapo, Machi 23, wabunge walipiga kura ya kumpa kansela uwezo wa kutunga sheria bila wao.

Kijana alitugeuza sisi 23 kuwa bunge. Watatu akawaambia waende wakasimame kwenye pipa la taka: ninyi ni wakomunisti, viti vyenu 81 havihesabiwi, wengi wenu mko ndani au mnajificha. Watano akawafanya wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia. Mimi nikaangukia chama cha Wakatoliki. Akatusomea hali ilivyokuwa: mashati ya kahawia, wanamgambo wa Hitler, wamejaa nje na wamepanga mstari ndani, Hitler ametoa ahadi laini kuhusu Kanisa, kiongozi wenu, padri Ludwig Kaas, ameahidiwa barua ya dhamana. Haya, pigeni kura.

Nilinyoosha mkono. Nimefundisha udikteta miaka ishirini na sita, na nilinyoosha mkono, kwa sababu kila aliyekuwa pembeni yangu alishanyoosha na baridi ilikuwa inanikata vidole. Binti yangu alikuwa upande wa SPD, akanitazama kama vile nimeuza kiwanja cha ukoo.

Matokeo halisi ya siku ile yalikuwa 444 kwa 94. Waliosema hapana ni SPD peke yao, na Otto Wels ndiye aliyesimama kuwasemea. Barua ya padri haikufika kamwe. Kufikia Julai 14 sheria ilisema chama ni kimoja tu, na chama cha padri kilikuwa kimeshajivunja chenyewe. Mwaka uliofuata, Agosti 2, Hindenburg akafa, Hitler akaunganisha urais na ukansela, na wanajeshi wakaapishwa kumtii yeye kwa jina lake. Miezi kumi na minane tangu waseme watamdhibiti.

Kurudi upande wa Reichstag tulipita kwenye vibamba vya chuma cheusi vilivyosimamishwa kama vitabu kwenye rafu, 96, kila kimoja na jina la mbunge aliyeuawa na Wanazi, chama chake, mahali na tarehe. Watalii wengi hupita wakidhani ni sehemu ya kufungia baiskeli. Kijana alituacha tusome bila kusema neno, na mwongozaji anayejua wakati wa kunyamaza si wa kawaida. Alifanya vivyo hivyo kwenye nguzo zaidi ya 2,700 za ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya: ingieni, kila mtu peke yake, dakika kumi.

Halafu akaharibu. Alitupeleka kwenye maegesho ya magari, nyuma ya maghorofa ya kawaida ya kuishi, ambako chini yake kulikuwa na handaki alimojiua Hitler. Pana bango na magari. Tulikaa hapo dakika ishirini na tano, saa ninayo! Risasi, petroli, mbwa, nani alikuwepo, nani alitoroka. Watu waliamka, simu zikatoka mifukoni. Mimi nililipiwa nijue mtu anavyoingia, nikaletwa alipotokea. Najua kwa nini wanafanya hivyo, wateja wanapataka, lakini muda huo uliibwa mahali, na punde niliona ulikoibwa.

Tukashuka Wilhelmstraße. Namba 92 kuna bango la ukumbusho, na kundi lilipita bila kugeuza shingo. Hapo lilikuwapo jumba la Kansela Bismarck, walipokaa wajumbe wa mataifa makubwa kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885 kuwekeana kanuni za kugawana Afrika. Kesho yake, Februari 27, Kaiser alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters juu ya nchi za Usagara, Ungulu, Uzigua na Ukami. Ukami ndiko Morogoro nilikofundishia. Nilisimama hapo, nikasoma, halafu nikalikimbilia kundi kwa magoti haya. Kijana alipoulizwa alikiri bila kujitetea: bango analijua, kwenye njia yao halimo.

Mlipuko wenyewe wa vita tuliupata kwenye ukuta wa iliyokuwa wizara ya anga ya Göring, waziri wa Hitler, jengo lenye vyumba zaidi ya 2,000, sasa Wizara ya Fedha. Dakika kumi na mbili! Mahali pa kusimulia ni pazuri: nchi iliyokatazwa kuwa na ndege za kivita inajenga wizara ya ndege katikati ya jiji, na wenye kukataza wanaona. Rhineland, eneo la Ujerumani yenyewe lililokatazwa kuwa na askari, Machi 1936, Austria Machi 1938, Munich Septemba 1938, Prague Machi 1939, mkataba na Stalin Agosti 23, na Septemba 1 alfajiri manowari Schleswig-Holstein, iliyokuwa imefika Danzig kama mgeni wa heshima, inaipiga mizinga kambi ya Wapoland ya Westerplatte. Habari ya mgeni wa heshima sikuwa naijua. Nimeichukua.

Lakini Ethiopia? Nilinyoosha mkono tena, safari hii kwa hiari. Akajibu kwamba Mussolini ni mada ya peke yake.

Hapana, kijana wangu. Mussolini aliingia Ethiopia Oktoba 3, 1935. Shirikisho la Mataifa likamwekea vikwazo, likaacha nje mafuta, na mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli zake. Alimwaga gesi ya sumu juu ya askari na wanavijiji. Wakubwa wakiwa wamezubaa na hilo, Machi 7, 1936, Hitler ndipo akapeleka askari wake Rhineland, na hakuna aliyemgusa. Juni 30 Haile Selassie akasimama Geneva, waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi ukumbini, na mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Kuieleza 1939 bila Addis Ababa ni kumpa mwanafunzi hesabu iliyofutwa mstari wa katikati.

Mimi hilo sikulipata kitabuni. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki. Aliviita vita vyote "vita ya Hitla", lakini risasi yake ya kwanza aliifyatua Abisinia, yaani Ethiopia, mwaka 1941, kwa Mtaliano, na Burma akafika baadaye. Kwake Hitla alianza Abisinia, na tulipokuwa watoto tulidhani mzee amechanganya ramani.

Kijana, kwa heshima yake, hakukasirika. Aliniomba niwaeleze wenzangu. Nikaeleza, nikaendelea kueleza, mpaka binti yangu akanivuta koti: "Baba, wamelipia kumsikiliza yeye." Kijana alikuwa anaandika kwenye daftari.

Tulimalizia Topographie des Terrors, kwenye uwanja wa yaliyokuwa makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri, na SS, kikosi cha chama cha Nazi, kipande cha Ukuta wa Berlin kikiwa kimesimama pembeni. Haina kiingilio. Msiingie mkiwa mmechoka kama sisi. Rudini siku nyingine asubuhi, maana maandishi ni mengi na hayafai kusomwa kwa miguu inayouma.

Alama zangu: 68 kwa 100, yaani B. Kroll peke yake ningeipa A. Handaki limemwangusha, na kundi la watu 23 ni kosa la ofisi yake. Vaeni viatu vya kutembea, nendeni chooni kabla, na kama nyumbani mmezoea joto, msiende Novemba.

Kuna kituo ambacho hakimo kwenye matembezi yoyote niliyoyaona yakitangazwa, na binti yangu ndiye aliyenipeleka, jioni ileile. Brunnenstraße 193, kwenye njia ya miguu, kuna jiwe dogo lenye uso wa shaba, lililowekwa 2007. Ni la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa askari wa Mjerumani akiwa bado mtoto, pamoja na baba yake, katika vita vya kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao waliyokuwa hawajalipwa. Wizara ya Mambo ya Nje, iliyokuwa Wilhelmstraße, mtaa uleule nilioukimbia kwa magoti, ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki. Akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Januari 1933, mwezi huohuo wa kina Papen. Akaomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Alicheza kwenye filamu ya kumtukuza Carl Peters, na mwaka huohuo filamu ilipotoka, 1941, wakamkamata kwa kuwa na mwanamke wa Kijerumani. Alikufa kambi ya Sachsenhausen, Novemba 24, 1944.

Binti yangu alichuchumaa akalifuta kwa karatasi ya mfukoni, shaba ikang'aa kidogo. Mnashuka treni ya chini kituo cha Rosenthaler Platz, mnatembea dakika chache. Tazameni chini, maana mimi nililipita mara mbili.