Kopo la kulegeza kutu, bolti mbili na dramu iliyokataa kutoka

Kwa wiki nzima gurudumu la nyuma la kushoto la Probox yangu lilikuwa likikwaruza kila nilipokanyaga breki, na kwa kuwa kubadilisha laini za breki, vile vipande vinavyosugua kusimamisha gurudumu, ni kazi niliyoizoea, niliamua kuifanya mwenyewe uani kwangu, Likoni. Nati nne za gurudumu zilifunguka bila taabu. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ndiyo iliyokataa, nami niliigonga kwa nyundo hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama ninajenga.

Kwa mkaazi wa Pwani, kilichoishikilia si kitendawili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inapojijenga kati ya tundu la katikati la dramu na mdomo wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, hubana kama kabari, na gari linalolala karibu na bahari, likipigwa na upepo wa Kusi wenye chumvi, halikosi kutu hiyo.

Nilianza na kopo la mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu, ambalo lilinigharimu shilingi 650. Mrija wake mwembamba hufika mahali ambapo kidole hakifiki, na nati ya bomba la breki iliyokuwa imeshikana tangu mwaka jana ililegea baada ya robo saa, jambo ambalo ninalisifu bila kusita. Kwenye dramu, hata hivyo, nililipuliza jioni, nikaliacha lifanye kazi usiku kucha, na asubuhi nikaikuta dramu palepale. Mafuta huhitaji upenyo wa kupitia, na pale kutu ilikuwa imeuziba wote. Isitoshe, anayepuliza ovyo karibu na breki hulowesha laini, na laini iliyolowa mafuta haifai tena; zangu zilikuwa za kutupwa, la sivyo ningejuta.

Siku ya pili nilivuka kwa feri hadi Mwembe Tayari, kwenye duka dogo linalouza bolti mojamoja kutoka kwenye mikebe ya maziwa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta nyundo nzito zaidi. Mzee wa duka hakuniuzia nyundo.

“Mwanangu, hiyo dramu haina tundu mbili ndogo usoni?” aliniuliza.

Nilimjibu kwamba zipo, ila zimejaa uchafu.

“Basi waipigia nini?”

Alinichagulia bolti mbili za milimita 8, zenye nyuzi zilizoachana milimita 1.25 na kichwa cha spana namba 12, akaipitisha nati kwenye kila moja kuhakikisha kuwa nyuzi ni nzima. Alisisitiza nichukue zenye alama ya 8.8 kichwani, kwa sababu bolti za chuma laini zingekatika shingo na kuniachia balaa la pili ndani ya tundu. Bei ilikuwa shilingi 30 kila moja.

Nyumbani niliishusha breki ya mkono, nikayazuia magurudumu ya mbele kwa mawe na kuliegemeza gari juu ya stendi za chuma, kwani jeki peke yake siiamini. Nilizichokonoa tundu kwa msumari, nikazitia tone la yale mafuta ya kopo, kisha nikazikaza bolti humo kwa zamu, ncha zake zikiisukuma habu na kuing'oa dramu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, ili dramu isije ikaenda upande. Katika zamu ya tano ilitoa mlio mkavu kama kifuu kinachopasuka, na unga mwekundu ukamwagika miguuni pangu. Dramu ikaja mkononi.

Duka lile lina kasoro zake: bei hazijaandikwa popote, risiti haitolewi mpaka uiombe, na mimi nilisubiri ngazini karibu saa nzima kwa kuwa mlango hufungwa adhuhuri. Hata hivyo, muuzaji anayeuliza kazi kabla ya kutaja bei ananitosha kusubiri. Kopo nitalinunua tena kwa ajili ya nati na mabomba. Bolti zangu mbili nimeziviringisha kwenye kitambaa chenye grisi ndani ya buti la gari, maana dramu ya kulia bado sijaifungua.