D ya KCSE: arudie Kidato cha Nne au aende gereji?

Kijana wa Nairobi amepata D katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na mamake bado humfulia soksi. Akirudia Kidato cha Nne, huenda akafikia C+, alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu. Ila karo ni ya mzazi, na kuamshwa alfajiri pia ni kazi ya mzazi.

Gereji za Kariobangi ni habari nyingine. Ataanza kwa kuosha vipuri kwa petroli. Ataagizwa spana namba 13 alete 14, afokewe mbele ya wateja, na kesho arudi. Nauli ya matatu ajipangie. Akiiva, afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi ya 3.

Kurudia kunamfaa aliyeugua wakati wa mtihani. Aliyedekezwa ningempeleka gereji, mradi mama asimpigie fundi simu kuuliza kama amekula.