Kipima kilevi cha kioo: nimekitumia miezi 3 grosari kwangu Tabora

Wadau habari zenu. Nina grosari Ipuli hapa Tabora, na kilichofanya ninunue hiki kidude ni mzee mmoja mteja wangu wa siku zote, alinirudishia glasi akaniambia taratibu, binti yangu hii wiski umeitia maji. Sikuongeza hata tone. Iliniuma nikakosa usingizi.

Ni kijiti cha kioo, kitako kizito, shingo nyembamba ina namba 0 mpaka 100, yaani asilimia ya kilevi, nilikiagiza mtandaoni na kopo lake refu kwa elfu 35. Unamimina kinywaji kwenye kopo, unakitumbukiza kinaelea, unasoma namba pale kinywaji kilipoishia. Pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kilevi kikiwa kingi kidude kinazama zaidi, basi.

Siku ya kwanza nimefungua Konyagi mzinga mpya kabisa, lebo 35, kikasoma 39! Nikajua nimeuziwa takataka. Kumbe namba zake zimepigwa kwa nyuzi 20, na ilikuwa mwezi wa kumi, joto la Tabora mwezi wa kumi mnalijua wenyewe. Nikaiweka friji, nikaitoa nikasubiri na themomita mpaka 20 ikasoma 35 palepale. Kwa hiyo bila themomita usikinunue.

Sasa ile wiski. Lebo inasema 40, kwenye nyuzi 20 ikanisomea 31. Nikafungua nyingine mbili za mzigo uleule, hivyohivyo, na stempu zake nilipojaribu kuzisoma kwa Hakiki Stempu, app ya TRA ya kukagua stempu za kodi, zikagoma. Bado sikutaka kumsingizia mtu, maana sukari nayo inadanganya, ikiwemo kinywaji kinakuwa kizito na kidude kinapanda kinasoma chini. Nikamwaga kijiko kimoja kwenye sahani nikaacha usiku kucha, asubuhi pamekauka hapanati hata kidogo. Maji matupu, wamechakachua. Mzigo nilirudisha, na yule mzee nilimfuata kwake nikamwonyesha namba.

Ila kina mipaka. Jirani yangu anapika wanzuki akaniomba nimpimie, kikasoma sifuri, akanuna kweli. Wanzuki ina kilevi, ila asali iliyobaki mle inakiinua kidude. Bia, waini na zile pombe za maziwa ni vilevile usijisumbue, maabara wakitaka kupima hizo wanazichemsha kwanza wakusanye mvuke ndo wapime.

Kilichoniudhi ni tangazo la muuzaji, ameandika kinagundua pombe yenye sumu. Hapana jamani, na hili ni la hatari. Sumu inayopofusha watu ni methanoli, na uzito wake unakaribiana mno na wa ethanoli tunayokunywa, 0.792 kwa 0.789, kidude cha kuelea hakiwezi kuzitofautisha. Mtu anaweza kuchanganya methanoli ya viwandani kikakusomea 40 safi kabisa. Na wale wa kuwasha kiberiti waone moto wa bluu waache, zote mbili zinawaka bluu. Kinachozitenganisha ni mashine ya maabara inaitwa kromatografi ya gesi, sampuli inageuzwa mvuke inasukumwa kwenye mrija mwembamba mrefu na kila kitu kinatokea kwa muda wake, methanoli kivyake ethanoli kivyake, unajua ipo kiasi gani. Kazi hiyo ni ya kina Mkemia Mkuu wa Serikali, sio ya kaunta yangu. Mtu akinywa halafu kesho yake macho yanaona ukungu, tumbo linamkata, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo msisubiri eti ni hangova.

Nakipa nyota 4. Kwa mwenye grosari anayeuza wiski, jini na vodka kinarudisha hela yake kwa mzigo mmoja tu. Nyota ya tano nimeikata kwa lile tangazo, nimemwandikia muuzaji alifute na mpaka leo bado lipo.