Kipande cha briar kilichokwisha tobolewa: uzoefu wangu wa kuchonga kiko cha tumbaku Dodoma

Miaka miwili sasa nachonga viko kwa mkono kila Jumamosi, barazani kwangu Chang'ombe, na hadi Juni mwaka huu sikuwa na hata kimoja ambacho ningethubutu kumpa mzee akitie moto. Sura nilikuwa naziweza, ila matundu yalikuwa yananishinda. Ndipo nikaagiza kutoka Ulaya kipande cha briar, yaani nundu ya kichaka inayochongwa viko, ambacho muuzaji amekwisha kukitoboa, pamoja na mdomo wake wa eboniti (mpira mgumu). Bei na gharama ya kutuma vilifika kama shilingi 130,000, nami nikasubiri wiki tano. Ni fedha nyingi kwa kipande cha mti kinachoenea kiganjani, kwa hiyo naeleza nilichopata.

Kwanza niseme kwa nini matundu ni kazi. Kiko kina bori, yaani kile kichwa panapotiwa tumbaku, na kina digali linalopitisha moshi kwenda mdomoni. Tundu la bori lina upana wa milimita 19 au 20 na kina cha 35 hadi 40. Tundu la moshi ni jembamba, milimita 4 tu, na linatakiwa litokee katikati kabisa, pale chini kwenye kitako cha bori. Likitokea juu, tumbaku ya chini haiungui, inalowa, na kiko kinakoroma kila ukivuta. Likienda pembeni, umetoboa ukuta na kazi imeishia hapo.

Viko vyangu vya mwanzo vilikuwa vya mpingo, mabaki niliyonunua kwa mchonga vinyago. Naupenda mpingo, mzito hadi unazama majini, na ukiusugua unang'aa wenyewe bila rangi. Lakini kwa keekee ya mkono ncha ilikuwa inateleza na kuhama kila mara. Unga wake uliniwasha mikono siku mbili. Nikajaribu mninga, nao ukanipigisha chafya mpaka nikaanza kuvaa barakoa. Tafadhali vaeni barakoa hata kama kazi ni ndogo.

Briar ni kitu kingine. Si shina la mti. Ni nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya kichaka kiitwacho Erica arborea. Kichaka hicho kipo hata kwenye milima yetu, Kilimanjaro ukiwemo, ila nundu za viko hutoka nchi za kandokando ya Mediterania, na mji wa Saint-Claude kule Ufaransa umekuwa ukizichonga tangu karne ya 19. Nundu huchemshwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi mingi. Nilipoweka patasi nikaelewa kwa nini wanahangaika hivyo. Nyuzi zake zimesokotana, kwa hiyo haipasuki ovyo, na tupa inakula taratibu na kwa usawa. Sikuwahi kushika mti unaonitii namna ile.

Nilikifunga kwenye jiliwa nikiwa nimekizungushia kitambaa, nikachora umbo kwa penseli, nikapunguza pembe kwa msumeno, kisha tupa, kisha msasa namba 120, 220, 400 na 800. Jumamosi tatu zikaisha. Mdomo uache umechomekwa wakati wote unapopiga tupa, la sivyo pale unapoungana na digali patabaki ngazi ambayo kidole kitaihisi. Na ukuta wa bori usiupunguze chini ya milimita 6, maana ukiwa mwembamba unaunguza vidole.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema tundu la moshi linafika kitakoni. Nilipoingiza waya nikakuta limetokea milimita 3 juu. Muuzaji aliomba radhi, lakini gharama ya kurudisha ingekuwa juu yangu, nikaona bora nijitengenezee. Nilikoroga majivu na maji yakawa kama tope zito, nikayasindilia chini ya bori mpaka yakalingana na tundu, nikayaacha siku kadhaa yakauke. Yameshika. Tena nilipofika msasa wa 220 vikajitokeza vishimo viwili ubavuni. Kwa vishimo hivyo simlaumu mtu, ni tabia ya nundu. Nilichora mistari kama gamba la mti upande ule wote, vikamezwa humo.

Upepo wa Julai nao ulinitia wasiwasi. Mnaoishi Dodoma mnajua unavyokausha kila kitu. Mdomo ulianza kulegea. Nilipaka nta ya nyuki kidogo, ile ya Manyoni, kwenye kichomeko chake na ukakaza. Ila nta hiyo usiitumie kung'arishia bori, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 na kiko kikipata moto inapotea. Kifurushi kilikuwa na kipande cha nta ya kanauba, inayostahimili zaidi ya nyuzi 80, na hiyo ndiyo niliyosugulia. Vanishi usiiguse kabisa, inatoa malengelenge.

Kiko nilimpelekea babu yangu mzaa mama, Mpwapwa. Huyu ni mzee anayejua viko. Bado anakitunza kimoja cha Arusha, cha lile jiwe jeupe jepesi la Amboseli liitwalo meerschaum. Nilimwamkia, nikamkabidhi. Alikinusa, akapuliza mdomoni kusikiliza hewa, akajaza nusu bori tu.

"Hakikoromi," alisema baada ya muda. "Ila mjukuu wangu, digali mbona fupi? Moshi unanifikia machoni."

Hapo ndipo kifurushi hiki kinapokufunga: urefu na pembe vimeamuliwa na aliyetoboa, wewe unabaki na ngozi ya nje. Kwa kiko cha kwanza ningekinunua tena, maana bila hicho ningekuwa bado naharibu mpingo. Cha babu cha pili nimeagiza kipande kisichotobolewa. Kuna fundi wa vyuma hapa mtaani mwenye drili ya kusimama. Amekubali kunitobolea kwa shilingi 5,000, mradi nisimame naye nimwonyeshe mstari.